Taa Yangu, Pancha ya Shemeji

Mimi na shemeji yangu tuna gari pacha: aina moja, rangi moja, hata ringi moja. Zote zimetumika Uingereza, na kule tangu mwishoni mwa 2014 gari ndogo mpya lazima iwe na mfumo wa kupima upepo wa tairi. Zetu zina vihisi, kila tairi na chake kwa ndani, nyuma ya nozeli, kinaipasha gari habari za upepo kwa mawimbi ya redio, bila waya. Betri yake imezibwa humo humo, ikifa unanunua kihisi kipya. Vyetu vikafa mwaka mmoja.

Tukanunua vipya, tukaenda gereji ya Mwanakwerekwe pamoja, tukitaraji bei ya jumla. Tairi nane zikalazwa mchangani. Fundi akapita na kidude mfano wa simu ya zamani, anakigusisha penye nozeli, kinalia "tii", namba ya kihisi inasomeka. Kisha akachomeka waya chini ya usukani na kuiambia gari: huyu wako wa mbele kushoto, huyu wa mbele kulia. Gari haijui tairi, inajua namba. Likaadhiniwa la adhuhuri. Sisi msikitini, vijana wakabaki kufunga nati.

Ijumaa tukaongozana kwenda arusini Makunduchi. Shemeji mbele na mama yake, yaani mkwe wangu. Mimi nyuma yake na mke wangu. Kabla ya Tunguu taa ya njano ikawaka: mbele kushoto, upepo 24. Punde, 19. Nikasimama, nikaupiga tairi teke. Mgumu kama nazi. Kwenye pampu, 33. Nikatia kidogo kwa usalama. Taa bado 19.

"Mtie tena," akasema mke wangu.

"Nitie mpaka upasuke?"

Nikachukua plasta mkobani mwake, nikaibandika juu ya taa, safari ikaendelea kwa amani.

Kufika Jozani, pale penye matuta ya kuwakinga kima punju, namwona shemeji kando ya barabara ananipungia spana. Nikasema, leo ana furaha huyu! Nikampigia honi mbili, nikapita.

"Yule si mama yule, kakaa juu ya jiwe?"

Nikarudi kinyumenyume. Mkwe alikuwa na sinia la kashata mapajani, kalifunika kwa mtandio, na kima watatu mtini wanamtazama kwa heshima zote. Tairi ya shemeji, mbele kushoto, imelala chapa. Jeki hana. Na dashibodi yake, wallahi, inaandika 33.

Tulitazamana. Nikaenda kubandua plasta yangu: 19. Wale vijana walikuwa wamezibadilisha tairi zetu mbili za mbele kushoto! Gari yangu ilikuwa inamsikiliza yeye, yake inanisikiliza mimi, na kila moja inasema kweli tupu kwa mtu asiyehusika.

Jumatatu fundi alizirudisha kwa dakika chache, akatutoza kama kwamba kosa letu.

Mkwe siku ile hakugomba. Alinitazama tu, akasema, "Honi yako nzuri, baba." Mpaka leo, mwanawe akitaka kumpeleka popote, hunipigia simu kwanza: "Hebu chungulia garini mwako, tairi zetu zimeamkaje?"