Lucy Hanks na Utata wa Nasaba ya Mama Yake Lincoln

Miongoni mwa familia zilizovuka milima ya Appalachia kutoka Virginia kwenda Kentucky mwishoni mwa karne ya 18, ni chache zilizochunguzwa kama akina Hanks, ukoo wa Nancy, mama mzazi wa Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Ubishi umedumu juu ya jambo moja: je, Nancy alizaliwa ndani ya ndoa, au alizaliwa na Lucy Hanks kabla binti huyo hajaolewa?

Wanaotetea ndoa wana hoja za kusikilizwa. Mwaka 1899 mwandishi Caroline Hanks Hitchcock alitegemea wosia wa Joseph Hanks wa mwaka 1793, ambao unamwachia binti aitwaye Nancy mtamba mmoja, akasema huyo ndiye mama wa Lincoln. Baadaye mwanahistoria Louis Warren alishikilia kwamba Lucy alikuwa mjane wa James Hanks, na kwamba yeye mwenyewe alitoka katika ukoo wa Shipley. Kambi hii inakumbusha pia kwamba wosia ule haumtaji Lucy popote, na kwamba katika hati ya dhamana ya ndoa ya Nancy na Thomas Lincoln, mwezi Juni 1806, aliyetia saini kama mlezi ni Richard Berry, ambaye mama yake alikuwa Shipley.

Hata hivyo, Nancy wa kwenye wosia anaweza kabisa kuwa shangazi au mama mdogo wa jina hilohilo, kwa kuwa familia ile ilirudia majina kila kizazi. Wengi wanamwona kuwa ndiye aliyemzaa Dennis Hanks, naye pia nje ya ndoa. Lucy, akichukuliwa kuwa binti wa Joseph, alikuwa ameshaolewa wosia ulipoandikwa, na binti aliyekwisha kwenda kwa mumewe kuachwa nje ya mgawo si jambo la kushangaza.

Upande wa pili umechukuliwa mno kuwa ni uchafuzi wa jina la marehemu, ilhali chanzo chake kikuu ni Lincoln, mwana wa Nancy mwenyewe. William Herndon, mshirika wa Lincoln katika uwakili, alisimulia kwamba yapata mwaka 1850, wakiwa katika kigari cha farasi njiani kwenda mahakamani, Lincoln alimwambia kuwa mama yake alikuwa binti wa Lucy Hanks na bwana shamba mmoja wa Virginia mwenye malezi mazuri. Ni kweli kwamba Herndon alisimulia haya Lincoln akiwa ameshakufa, na shahidi mmoja hatoshi. Lakini sioni alichonufaika nacho kwa kuibuni habari iliyomletea lawama tupu.

Na huyo Lucy alikuwa mtu wa namna gani? Novemba 1789 wazee wa baraza la mashtaka katika kaunti ya Mercer, Kentucky, walimshtaki kwa uasherati. Miezi mitano baadaye, tarehe 26 Aprili 1790, aliandika cheti kifupi chenye tahajia ya kubabaisha, akithibitisha kuwa ni mtu mzima na kwamba anaridhia kwa hiari yake Henry Sparrow achukue leseni ya ndoa. Katika mazingira ambayo wanawake wengi hawakujua kalamu, mwanamke aliyetajwa hadharani kwa aibu alijisemea mwenyewe kwa maandishi. Wawili hao walioana mwaka uliofuata, wakalea watoto wengi, na wawili kati ya wana wao wakawa wahubiri. Nasaba zinazomfuta Lucy ili kumsafisha Nancy zinamwondoa mtu mzito kwenye historia.

Vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtu huvirithi kwa mama tu, vimesaidia, ingawa si kwa kiasi kinachotangazwa. Nancy hakuacha mzao wa upande wa kike: bintiye Sarah alifariki akijifungua Januari 1828, na mtoto hakupona. Kwa hiyo uchunguzi wa mwaka 2015 ulipima wazao wa wanawake wanaodhaniwa kuwa jamaa zake. Wa upande wa Lucy walilingana na ukoo wa Ann Lee, mke wa Joseph Hanks, katika kundi adimu liitwalo X1c. Hawakulingana na akina Shipley. Hapo hoja ya ujane ya Warren inakosa mguu, kwa sababu Lucy anabaki kuwa Hanks wa kuzaliwa. Kiungo kati ya Lucy na Nancy bado kinabebwa na karatasi na ushuhuda, nami naona vinatosha. Kuhusu baba, vinasaba hivi haviwezi kumwonyesha, Herndon hakutaja jina, na kila bwana wa Virginia anayeandikwa katika nafasi hiyo amewekwa bila hati.