Matembezi ya kundi si mashindano ya kufika

Jumamosi tulitembea kando ya mfereji wa Chesapeake na Ohio, mfereji wa zamani wa mashua hapa Maryland, Marekani, kutoka Swains Lock hadi Riley's Lock pale Seneca, kama kilomita 10. Nimerudi nimeudhika. Kundi lilikuwa zuri, wengi wetu Wakenya na Watanzania, chai ya tangawizi ipo, jua la kiasi. Ila kiongozi wetu hakubanduka kwenye saa yake. Kwenye lango mojawapo la maji (ndiyo "lock", chumba cha mawe cha kupandishia na kushushia mashua), mama mmoja mtu mzima aliinama kutazama alama iliyochongwa kwenye jiwe. Akaambiwa, "Mama, twende, tunachelewa." Akajibu, "Mwanangu, mimi nimekuja kuona." Wakaondoka, wakamwacha. Nikabaki naye.

Tunachelewa wapi? Hilo ndilo ninalouliza tangu juzi. Hatukuwa na basi la kuwahi wala mgeni wa kupokea.

Alama ile ni ya fundi mwashi, aliyeiweka ili kazi yake ijulikane. Ilikuwa mistari michache tu ya patasi, na mama aliipitishia kidole kwa upole kana kwamba anamjua aliyeichonga. Kazi ya mfereji huu ilianza tarehe 4 Julai 1828, siku ileile reli ya Baltimore na Ohio nayo ilipoanza kujengwa. Reli ikafika Cumberland, mji wa magharibi mwa Maryland ambako mfereji unaishia, mwaka 1842, mfereji ukafika 1850. Vibarua wengi walitoka Ireland, na kipindupindu cha 1832 kiliwaua wengi. Njia tuliyokuwa tukiikimbilia ilitengenezwa kwa ajili ya nyumbu, wale wa punda na farasi, waliovuta mashua zenye zaidi ya tani 100 za makaa ya mawe. Mara nyingi aliyewaswaga alikuwa mtoto wa mwenye mashua, akitembea kutwa nzima huku mama yake akipika ndani ya mashua hiyohiyo. Mwendo ulikuwa wa mnyama anayevuta mzigo. Hali ilikuwa hiyo hadi mafuriko ya 1924 yalipokomesha kazi.

Na tunapaswa kukumbuka kwa nini bado tuna mahali pa kutembea. Mwaka 1954 kulikuwa na mpango wa kupitisha barabara ya magari hapa, na gazeti la Washington Post likauunga mkono. Jaji William O. Douglas wa Mahakama Kuu ya Marekani akawaandikia wahariri, akawaalika watembee naye njia yote, kilomita 297. Walikuja, pamoja na watu wengine wengi. Waliofika mwisho kwa miguu, bila kuruka kipande, walikuwa 9 tu. Haya, nakubali: Douglas mwenyewe alikuwa mtembeaji wa kasi, na sisi wa nyuma huenda angetuacha. Lakini hakuwaita wahariri wale wakafanye mazoezi. Aliwaita waone kwa macho yao, na walipoona, gazeti likabadili msimamo. Mwaka 1971 mfereji ukawa hifadhi ya taifa ya kihistoria.

Wapo wanaosema daktari amewaambia watembee haraka. Sawa, afya ni muhimu. Njia ni tambarare na iko wazi siku zote, waje hata alfajiri peke yao.

Kundi ni jambo lingine. Ukiwaalika watu wazima, watoto na wageni, umekubali kwenda kwa mwendo wao. Mimi na yule mama tulipofika Seneca, wenzetu walishaingia kwenye magari. Hawakuliona daraja la mawe mekundu linalobeba mfereji juu ya kijito, lililounganishwa na lango la maji kuwa jengo moja. Hawakuona pia kwamba tao moja kati ya matatu halipo, maana mafuriko ya 1971 yaliling'oa. Jiwe hilohilo jekundu la Seneca ndilo lililojenga Kasri la Smithsonian, jengo la taasisi ya makumbusho mjini Washington, ambalo wengi wetu tumepiga nalo picha.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa dhati: safari ijayo kiongozi atembee nyuma kabisa, pamoja na anayechoka kwanza. Tusimame kwenye kila lango la maji, hata dakika tano. Na asiondoke mtu na gari kabla wote hatujafika.