Urafiki na Israel na kura ya Mmarekani

Machi 2022, AIPAC, kikundi mashuhuri zaidi cha kuitetea Israel mbele ya Bunge la Marekani, kilitangaza orodha yake ya kwanza ya wagombea ambao kingewaunga mkono waziwazi. Kwa miongo mingi kilikuwa kimeacha uchangiaji wa kampeni mikononi mwa wanachama wake, kila mtu kwa jina lake. Ndani ya orodha hiyo walikuwemo wabunge 37 wa chama cha Republican ambao, saa chache baada ya ghasia za Januari 6, 2021, wafuasi wa Donald Trump walipolivamia jengo la Bunge, walipiga kura kupinga kuidhinishwa kwa ushindi wa Joe Biden. Jim Jordan wa Ohio alikuwemo, na Scott Perry wa Pennsylvania pia.

Lawama zilizofuata zimeeleweka vibaya, hasa nje ya Marekani, ambako husikika kana kwamba ni sehemu ya ile hadithi kongwe isemayo kuwa Wayahudi ndio wanaoiendesha Washington. Hadithi hiyo ni ya uongo, na imewaumiza watu kwa karne nyingi. Isitoshe, Wayahudi wa Marekani wapatao saba kati ya kumi huegemea chama cha Democratic, na baadhi ya lawama kali zaidi zilitoka kwa watu ambao hakuna awezaye kuwaita maadui wa Israel. Richard Haass, aliyekuwa wakati huo rais wa Baraza la Uhusiano wa Kigeni, taasisi ya utafiti wa sera za nje, alisema uamuzi huo umefilisika kimaadili. Abraham Foxman, aliyeongoza kwa miaka mingi taasisi ya ADL inayopambana na chuki dhidi ya Wayahudi, naye aliukosoa.

Hoja ya AIPAC si ya kudharauliwa. Katiba ya Marekani inawapa raia haki ya kuiomba serikali yao iwasikilize, na wanaochangia AIPAC ni raia wa Marekani wanaotoa fedha zao wenyewe. Msaada wa kijeshi kwa Israel wa dola bilioni 38 kwa miaka kumi, uliokubaliwa mwaka 2016 chini ya Barack Obama, hauna budi kupitishwa na Bunge mwaka baada ya mwaka, awe nani mwenye wingi wa viti. Kikundi chenye shabaha moja kinahitaji marafiki pande zote mbili, na kweli orodha yake ilikuwa na Wademocrat wengi. Wala ushawishi wake si wa kushinda kila mara: mwaka 1981 kilishindwa katika Seneti, kura 52 kwa 48, kilipopinga kuuzwa kwa ndege za upelelezi kwa Saudi Arabia, na mwaka 2015 kilishindwa kuyazuia makubaliano ya nyuklia na Iran.

Lakini wanaolaumu hawadai kwamba AIPAC haina haki ya kushawishi. Wanasema kwamba kura ya Januari 6 haifanani na kura ya kodi au ya bunduki. Mbunge anaweza kukosea kuhusu kodi, na baada ya miaka miwili wapiga kura wakamwondoa. Anayekataa matokeo halali ya uchaguzi anagusa njia yenyewe ya kumwondoa. Nao urafiki wa nchi hizi mbili umenadiwa kwa miaka yote kuwa ni wa demokrasia mbili zenye maadili ya pamoja. Anayeutetea kwa msingi huo hawezi kusema kwamba msingi huo haumhusu siku unapotikiswa nyumbani kwake.

Yaliyotokea Pittsburgh katika majira yaleyale yanaonyesha ugumu huo vizuri kuliko tamko lolote. Summer Lee, mwanamke mweusi aliyekuwa mbunge katika bunge la jimbo la Pennsylvania, aligombea kura za mchujo za chama cha Democratic mnamo Mei 2022. Mfuko mpya wa AIPAC, United Democracy Project, ulimwaga zaidi ya dola milioni 2 katika kinyang'anyiro hicho. Mtu angetarajia matangazo yake yaseme kwamba Bi. Lee ana msimamo mbaya kuhusu Israel, kwa kuwa ndiyo sababu pekee ya mfuko huo kuwepo. Badala yake yaliwaambia wapiga kura kwamba yeye si Mdemocrat wa kweli, kwamba anampinga Biden. Kikundi kilichokuwa kikiwaunga mkono watu 37 waliokataa ushindi wa Biden kilimshitaki mwanamke huyu kwa kutomtii Biden vya kutosha. Bi. Lee alishinda kwa kura zisizofika elfu moja, na ilipofika Novemba mfuko huohuo ukatumia fedha tena kumpinga, safari hii mpinzani wake akiwa Mrepublican.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo, hata kuliko zile kura 37. Mpiga kura wa Pittsburgh angeweza kabisa kuukataa msimamo wa Bi. Lee kuhusu Gaza, au kuukubali. Hiyo ni haki yake, na pengine angeikaribisha fursa ya kuujadili. Hakuulizwa. Mwaka 2024 mtindo huo ulirudi kwa fedha nyingi zaidi: takriban dola milioni 14.5 dhidi ya mbunge wa Democratic Jamaal Bowman huko New York na zaidi ya milioni 8 dhidi ya mwenzake Cori Bush huko Missouri, huku matangazo mengi yakizungumzia kura waliyopiga kupinga mswada wa miundombinu wa Biden. Wote wawili walishindwa katika kura za mchujo. Bowman alikuwa na udhaifu wake mwenyewe, na mpinzani wake, George Latimer, alikuwa kiongozi wa wilaya anayefahamika na wengi, kwa hiyo si haki kuhesabu kila kura kuwa imenunuliwa. Wala AIPAC haikuubuni mchezo huu. Ni hukumu za mahakama za mwaka 2010 zilizofungua mlango wa matumizi yasiyo na kikomo, na kampuni za sarafu za kidijitali zilimfanyia Katie Porter, aliyegombea useneta huko California, jambo hilohilo bila kuzitaja sarafu zao.

Tofauti ni kwamba kampuni za sarafu hazihitaji kupendwa na kizazi kijacho. Israel inahitaji. Katika kura ya maoni ya Februari 2023, miezi minane kabla ya vita vya Gaza, taasisi ya Gallup ilikuta kwamba asilimia 49 ya Wademocrat waliwahurumia zaidi Wapalestina na asilimia 38 Waisraeli, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Wapalestina kutangulia ndani ya chama hicho tangu swali hilo lianze kuulizwa kila mwaka mnamo 2001. Sidai kwamba matangazo ya Pittsburgh ndiyo yaliyosababisha hayo. Serikali za Netanyahu na makazi ya walowezi yana sehemu kubwa zaidi. Lakini mtu anayeona hoja yake inapoteza wasikilizaji kisha akatumia mamilioni kuhakikisha haijadiliwi hajitafutii wasikilizaji wapya, na viti anavyovishika kwa njia hiyo itambidi avilipie upya kila baada ya miaka miwili.