Atlanta ilipoanika saini za wananchi wake

Septemba 2023, wapinzani wa kituo cha mafunzo ya polisi kilichokuwa kikijengwa Atlanta, Marekani, walifikisha ofisi za jiji maboksi ya fomu zenye saini takriban 116,000. Walitaka wananchi wapige kura ya maoni kuhusu kituo hicho, na zilihitajika saini kama 58,000 tu. Jiji likagoma kuzihakiki, likidai muda umepita na shauri bado liko mahakamani. Lakini likaziskani zote na kuzipandisha kwenye tovuti yake, majina na anwani za watu zikisomeka.

Waandaaji wakasema huko ni kutisha watu. Siwalaumu. Siku chache kabla ya maboksi kufika, mwanasheria mkuu wa Georgia alikuwa ametangaza mashtaka ya uhalifu wa magenge dhidi ya watu 61 waliohusishwa na upinzani huo. Mkazi aliyetia saini tu njiani akitoka sokoni angeona jina lake mtandaoni na kujiuliza kama anafuata yeye.

Ila fomu zilezile ndizo zilizowawezesha waandishi wa habari kuchambua sampuli na kukuta karibu nusu ya walioandikwa hawakuoanishwa na wapigakura wenye sifa. Bila anwani kazi hiyo haifanyiki, maana majina hufanana.

Kisheria, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2010, majaji wanane kwa mmoja, kwamba kutoa majina ya waliotia saini kwa ujumla hakuvunji katiba. Anayethibitisha kuwa atadhuriwa anaweza kuomba kinga. Kesi hiyo ilitoka jimbo la Washington. California imefunga mlango: fomu huonwa na maofisa wanaohusika, na waandaaji pale saini zao zinapokataliwa. Mwandishi wa habari hapewi.

Mimi naegemea uwazi, lakini si ule wa Atlanta. Kenya, Januari 2021, tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka mtandaoni orodha ya waliotajwa kuunga mkono BBI, pendekezo la kubadili katiba, ili aliyeingizwa bila ridhaa alalamike, na uhakiki ulikuwa ukiendelea. Muda ulikuwa mfupi mno, lakini lengo lilieleweka. Atlanta iliwaanika watu huku saini zao hazihesabiwi. Kama muda ulikuwa umepita kweli, fomu zingebaki kwa karani wa jiji, na anayetaka kuzikagua aende akaziombe huko.