Mkia wa Herufi

Kwenye kikundi chetu cha kudarizi hapa Morogoro mimi ndiye mkaguzi. Hakuna aliyenichagua. Mtu akileta foronya yake, wenzangu wanasifia maua, mimi naigeuza. Kazi ya kudarizi hukaguliwa upande wa nyuma, tulifundishwa hivyo kwenye sayansi kimu, na nikigeuza za wenzangu nakuta mafundo matupu, nyuzi zimeruka kutoka ua hadi ua kama nyaya za umeme za mtaani kwetu. Nasema. Sijui kunyamaza.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakula pamoja na kuonyeshana kazi. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mwenyekiti: pilau, kachumbari, mchicha wa nazi. Utaratibu wetu ni kazi kwanza, mafuta baadaye, lakini yangu niliichelewesha makusudi. Nilitaka watu wawe wameshiba, watulie, waone.

Lilikuwa shuka la kicheni pati ya binti wa mweka hazina. Wiki tatu nilikaa nalo. Bafta jeupe, uzi wa zambarau. Uzi wa kudarizia una nyuzi 6 ndani yake; wenzangu huchukua 3, mimi 2, ili mstari uwe mwembamba. Maua pembe zote, na katikati maneno niliyoyachora kwa penseli, mwandiko wa kulaza: "Mungu aibariki ndoa hii". Usiku mmoja uzi uliniishia kwenye herufi ya mwisho ya "ndoa". Nikaacha, kesho yake nikaendelea na "hii". Kisha nikalifua shuka penseli yote ikatoka, nikapiga pasi.

Basi nikanawa mikono, nikalikunjua. Kimya. Nikajua nimewaweza.

Mjukuu wa mwenyekiti yuko darasa la pili, umri ule ambao mtoto husoma kila kitu, hata mfuko wa sabuni. Akaja na kipande chake cha nyama, akasoma kwa sauti:

"Mu-ngu a-i-ba-ri-ki ndo-o hi-i."

Akaniangalia. "Bibi, ndoo gani?"

Nikainama. "A" yangu haikuwa na mkia. Ilikuwa "o" safi, ya mviringo, nzuri kuliko "o" zote nilizowahi kushona.

Mwenyekiti akapaliwa na pilau, ikabidi apigwe mgongoni. Mama wa bibi harusi alijikaza kidogo, heshima ya wiki zangu tatu, halafu akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kucheza. Na yule bibi mkubwa wetu, ambaye mwezi uliotangulia nilimwambia foronya yake ina mafundo, akavuta shuka pole pole, akaligeuza, akaweka miwani.

"Lakini nyuma," akasema, "hakuna kosa."

Mkia niliuongeza usiku uleule. Zambarau yangu haikupatikana dukani, nikatumia iliyokaribiana nayo, kwa hiyo ukilala kwenye shuka lile unaona kabisa mahali ndoo ilipogeuka ndoa.

Siku ya kicheni pati kikundi kikaitwa kutoa zawadi. Mwenyekiti alitangulia na shuka langu. Nyuma yake wakaingia wanawake 9 wakicheza, kila mmoja na ndoo ya lita 20 kichwani.

Mimi nilipewa nibebe vifuniko.