Mgeni akija Uholanzi, mpelekeni Schokland

Kila ifikapo Aprili maswali yanaanza kwenye makundi ya WhatsApp ya sisi tunaoishi Uholanzi. Ndugu wanakuja, wana siku mbili tatu kabla ya kuendelea na safari kwenda kwa watoto wao Ubelgiji au Ujerumani, je, tuwatembeze wapi? Na majibu ni yale yale: Zaanse Schans, kijiji cha vinu vya upepo, asubuhi, Volendam, mji wa wavuvi, mchana, jioni mfereji wa Amsterdam, kesho uwanja wa ndege. Hilo nimelizoea. Nililoshindwa kulinyamazia mwaka huu ni hizi safari mpya za siku moja zinazouzwa kwa jina la "kikundi kidogo", eti mnapelekwa mashambani wasikofika watalii. Watu wanane kwenye basi dogo, bei juu kuliko ya basi kubwa, halafu ukisoma ratiba unakuta Zaanse Schans, Volendam na Giethoorn. Giethoorn, ambako kiangazi boti za umeme hupangana mferejini kama daladala Kariakoo!

Mama yangu mdogo alilipia safari kama hiyo. Ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Pangani, mtu wa kuuliza. Alirudi jioni na kipande cha jibini na picha aliyopigwa akiwa amevalishwa kofia nyeupe ya wanawake wa Volendam. Nikamuuliza, "Mama, umeonaje?" Akasema, "Pazuri, mwanangu. Pasafi. Lakini hawa watu wanalima wapi?"

Siku nzima ya kulipia kwenda kuona mashamba, na mtu anarudi na swali hilo. Mtembezaji aliwapa dakika za kununua viatu vya mbao, akawapa dakika za kuonja jibini, akawapa dakika za kupiga picha. Hakuwapeleka shambani, wala hakuwaambia kwamba zaidi ya robo ya nchi waliyokuwa wakiikanyaga iko chini ya usawa wa bahari na ingefunikwa na maji kama mitambo ya kusukuma maji ingezimwa. Huwezi kuionyesha Uholanzi ukaacha hilo. Kinu cha upepo unachokipiga picha hakikujengwa kwa ajili ya urembo. Kule Kinderdijk vinu 19 vilijengwa kunyanyua maji kutoka ardhi iliyo chini na kuyatupa mtoni. Asiyeambiwa hivyo ameona mbao zinazozunguka tu.

Jumamosi iliyofuata tuliazima gari la watu wanane, tukaingia sisi na marafiki zake aliokuja nao, tukaelekea kaskazini mashariki.

Ukitoka Amsterdam kwa barabara ya A6 unapita Almere na Lelystad, unavuka daraja la Ketelbrug, unaingia Noordoostpolder. Ni kama saa moja hivi. Hapo ndipo mashamba yenyewe: viazi, vitunguu, ngano, na majira ya kuchipua mistari ya tulipu inayokwenda mpaka macho yachoke, bila tiketi na bila foleni. Yote hayo ilikuwa bahari. Zuiderzee, bahari iliyoingia katikati ya nchi na kuua watu vizazi kwa vizazi, ilifungwa mwaka 1932 kwa tuta la Afsluitdijk lenye urefu wa kilomita 32, kwa mpango wa mhandisi Cornelis Lely uliopitishwa kuwa sheria mwaka 1918, baada ya mafuriko ya 1916. Noordoostpolder ilikauka mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na vijana wengi waliokuwa wakiwakimbia Wajerumani wasipelekwe kazi za lazima walijificha humo humo kwenye matope, wakichimba mitaro. Ukiangalia kando ya mashamba unaona nguzo za alama mahali palipopatikana meli zilizozama. Katika mkoa wa Flevoland meli hizo ni mamia. Mkulima analima, jembe linagonga mbao za jahazi.

Katikati ya mashamba hayo kuna mwinuko mwembamba wenye miti. Hapo ni Schokland, na ndipo ninapotaka kila mgeni apelekwe kabla ya kuonyeshwa kitu kingine chochote.

Schokland ilikuwa kisiwa. Watu waliishi kwenye vilima vya udongo walivyovirundika kwa mikono, Wakatoliki kaskazini, Waprotestanti kusini, wote wavuvi, wote maskini, na kila mwaka bahari ikimega kipande. Walijizungushia ukuta wa magogo yaliyosimamishwa wima ufukweni, mawimbi yakauvunja, wakaujenga tena. Mwaka 1859 serikali ikaamua basi. Mfalme Willem III aliamuru kisiwa kihamwe, na watu takriban 650 wakaondoka na vyombo vyao. Nyumba zikabomolewa. Akabaki mtunza taa na wachache wa kuangalia bandari. Wengi walihamia Kampen, wengine Vollenhove, wengine Volendam. Ndiyo, Volendam ile ile ya kofia nyeupe. Mtembezaji aliyempeleka mama yangu pale alisimama mbele ya habari nzito kuliko zote za mji ule, akauza picha.

Miaka 83 baada ya watu kuondolewa, maji yaliyowafukuza yakaondolewa nayo. Leo unafika Schokland kwa gari, juu ya lami. Kule kaskazini, Emmeloord ya zamani, ipo bandari: nguzo zake nyeusi zimesimama, nyumba ya mtunza taa ipo, gati lipo, na mahali pa maji ni nyasi. Mama mdogo alishuka polepole hadi mwisho wa gati, akashika gogo moja, akalipapasa palipolika, akatazama mbele. Mbele kulikuwa na shamba na trekta. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Walilipwa?"

Hakuuliza ni nani mchoraji wa ramani wala tuta lina mita ngapi. Aliuliza swali la mtu aliyeishi mahali ambapo bahari inakula ukingo wa mji, anayejua maana ya kuambiwa uhame. Mmoja wa wenzake anakaa Magomeni, akaanza kusimulia habari za Jangwani, bonde la mafuriko la Dar es Salaam: nyumba zilivyowekwa alama, fidia, mabishano ya nani kahesabiwa na nani kaachwa, majirani waliotawanyika kila mmoja upande wake. Yote hayo ni kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Uholanzi yenyewe imeuchangia fedha. Wazee wale walikaa kwenye benchi la Schokland wakajadiliana mpaka chai ya kwenye chupa ikaisha: je, serikali ya mwaka 1859 iliwaokoa watu au iliwachoka? Mtu akihamishwa akapewa pesa, anafidiwa nyumba tu au na ujirani? Mbona nchi iliyokausha bahari ilishindwa kukilinda kisiwa chenye watu 650? Hilo la mwisho bado linanisumbua. Jibu la haraka ni kwamba mitambo ya 1859 si ile ya 1942, na gharama ya kukilinda ilikuwa kubwa kuliko thamani ya wavuvi machoni pa waliokuwa wakitoa fedha. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo naikubali. Sehemu ya pili ndiyo inayotuhusu sisi, kwa sababu hesabu ya namna hiyo inapigwa sasa hivi, kwenye fukwe na mabonde yetu, na wanaohesabiwa ni watu wa aina ile ile.

Mnaona kwa nini nakasirika? Watu wenye maswali mazito hivi, waliotoka pwani inayoliwa na maji, wanasafirishwa maelfu ya kilomita kuja kwenye nchi ambayo imebishana na maji kwa karne nyingi, tunawapeleka kuonja jibini.

UNESCO iliitambua Schokland mwaka 1995, ya kwanza nchini kuingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo haijafichwa. Imekosa duka kubwa la zawadi tu. Kuna makumbusho madogo Middelbuurt, kando ya kanisa la mwaka 1834, na njia ya kutembea kuzunguka kilichokuwa ufuko.

Kutoka hapo Urk ni mwendo mfupi. Nayo ilikuwa kisiwa, ikaunganishwa na bara kwa tuta mwaka 1939, lakini watu wake hawakuhamishwa na wala hawakuacha bahari. Meli zao mpaka leo huvua Bahari ya Kaskazini. Juu ya mwinuko wa mji kuna sanamu ya mwanamke anayetazama majini, imezungukwa na majina ya wavuvi ambao hawakurudi, ukoo kwa ukoo, baba na mwana. Mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa. Msiende Jumapili: Urk ni mji wa dini, siku hiyo hufungwa.

Nagele mpitie tu. Kijiji chote kina mapaa bapa, kilichorwa na wasanifu wa kisasa, Rietveld na Aldo van Eyck wakiwemo, kwa ajili ya wafanyakazi wa ardhi mpya. Mimi sikukipenda. Mama mdogo alikipenda.

Malizieni Lemmer, kwenye Woudagemaal, mtambo wa kusukuma maji. Ulifunguliwa na Malkia Wilhelmina mwaka 1920, unaendeshwa kwa mvuke, na ndio mkubwa zaidi wa aina yake duniani ambao bado unafanya kazi. Narudia: unafanya kazi. Mvua za baridi zikizidi huko mkoa wa Friesland, matanuri yanawashwa, na mtambo unasukuma kiasi cha lita milioni nne kwa dakika. Anayekuzungusha ni mzee wa kujitolea, na mkiwa wanane anasimama nanyi kwenye gurudumu, anawaonyesha palipopakwa mafuta asubuhi, anajibu kila swali. Mkiwa hamsini anasoma hotuba. Hiyo ndiyo maana ya kikundi kidogo, na ndiyo pekee inayostahili kulipiwa zaidi.

Najua nitakayoambiwa. Zaanse Schans iko dakika chache kwa treni kutoka Amsterdam, watoto wanaipenda, vinu vyake ni vya kweli. Sawa. Mwenye saa tatu kabla ya ndege aende. Giethoorn nayo Novemba asubuhi ni pazuri, nakubali, ingawa kwa shida. Mwenye nusu siku aende Beemster, bonde lililokaushwa mwaka 1612 kwa vinu, lipo karibu na bado linalimwa na mifereji yake iliyonyooka.

Lakini Noordoostpolder haina hata kituo kimoja cha treni, na kufika Schokland kwa basi la kawaida ni kupoteza siku. Mgeni hawezi kujipeleka mwenyewe. Ndiyo maana nawasema hasa nyinyi mnaoendesha hizi safari, na wengine ni vijana wetu: mna gari, mna viti vinane, mna leseni, mnaweza kufika mahali ambapo mzee wa Pangani hawezi kufika peke yake, mnaishia kwenye duka la jibini lenye kamisheni.

Na sisi tunaolipa tuulize kabla ya kutoa pesa. Ratiba ina shamba ndani yake? Kuna mwenyeji wa pale atakayezungumza nasi, au ni dereva tu? Mtatupa muda gani wa kukaa bila kununua kitu? Asiyekuwa na jibu, msimpe wazazi wenu. Julai wanakuja wajomba zangu kutoka Tanga, gari limeshapatikana, nafasi mbili zipo. Anayetaka mama yake aje anitumie ujumbe, tunaondoka saa mbili asubuhi.