Supu baridi si kiporo

Januari hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, haina huruma. Ikifika saa nane mchana bati linalia kwa joto, na kukaa mbele ya sigiri ni kujitesa tu. Mwaka jana nikakata shauri: kiangazi chote, mchana siwashi moto. Nanywa supu baridi.

Jirani yangu, mama wa Kinubi, alinicheka. "Mwanangu, kiporo kisichopashwa ndiyo supu?"

Simlaumu. Kwetu supu ni mifupa iliyochemka tangu alfajiri, na hiyo kweli hainyweki ikiwa baridi. Niliwahi kuilaza kwenye friji. Asubuhi mafuta yameganda juu kama nta, chini mchuzi unatetemeka, kijiko kimesimama chenyewe. Aliyefaidi ni paka. Lakini kosa ni la mafuta ya mnyama, si la baridi. Waspania wa Andalusia wana gazpacho, na humo hamna nyama: nyanya mbivu, tango, pilipili hoho, kitunguu saumu, mkate uliokauka, siki na mafuta ya zeituni, vyote vinasagwa vibichi. Zeituni huku ni bei, kwa hiyo mimi natia mafuta ya alizeti. Hayagandi.

Ninayoipenda zaidi ni ya Wabulgaria, tarator. Nachukua nusu lita ya bongo, yaani maziwa ya mgando, nakata matango mawili vipande vidogo sana, naponda punje moja ya saumu na chumvi, nazimua na glasi ya maji baridi yaliyochemshwa jana yake. Wao hutia kokwa za jozi. Mimi natwanga karanga za kukaanga, zisilainike mno, meno yapate kazi. Chumvi usiimalize mwanzoni. Baridi hufifisha ladha, kwa hiyo onja tena ikishapoa kabisa, utaona inadai zaidi.

Na umeme ukikatika? Unakatika, tena siku ya jua kali kuliko zote. Hapo jagi linakaa ndani ya mtungi wa maji, nje nauzungushia kitambaa kilicholowa. Hewa ya kiangazi ni kavu, maji yanakauka kwenye kitambaa na mtungi unapoa. Si kama friji, ila koo linashukuru. Ya mtungini inywewe mchana huohuo, isilale.

Jirani siku hizi anamtuma mjukuu na bakuli. Tarator anainywa hadi tone la mwisho, ila anaiita "bongo ya matango". Neno supu hataki kulisikia.